Magunia manane nyuma ya choo

Kisa hiki kimetokea kwenye nyumba ninayopanga mimi mwenyewe, Pasua, mjini Moshi. Ni nyumba ya wapangaji kama zilivyo nyingi: vyumba vinane vinavyotazamana, ua wa saruji katikati, bomba moja lenye mita moja, karo la kufulia na kuoshea vyombo pembeni ya bomba, choo na bafu kule nyuma kabisa. Vyumba viwili vya mbele anakaa mwenye nyumba, bibi wa Kibosho aliyeteremka mjini tangu ujana wake kwa ajili ya ndoa. Sita vilivyobaki tumepanga sisi.

Dada wa chumba cha tatu ni mshonaji. Cherehani yake iko kwenye baraza la duka karibu na soko la Mbuyuni, ana watoto wawili wa shule ya msingi, anatoka saa moja asubuhi na kurudi giza linapoingia. Mimi nauza kwenye duka la pembejeo: mbegu, mbolea, dawa za wadudu, bomba za kupulizia. Nataja kazi yangu mapema kwa sababu ushauri wa kwanza alioupata ulitoka kwangu, na ulikuwa mbovu.

Januari mwaka juzi alikuja dukani akiwa amekasirika. "Kaka, nimechoka kununua mboga ya mia tano kila siku kama vile nchi hii haina udongo." Nikamuuzia pakiti tano: sukuma wiki, mchicha, nyanya, hoho na karoti. Nikamwambia atafute magunia ya salfeti, ajaze udongo na samadi, atoboe matundu ubavuni, apande. Maelezo ya dakika tano, mteja mwingine akisubiri na noti mkononi. Yeye akafanya kama nilivyomwambia, magunia manane. Akayapanga nyuma ya choo, maana ndipo palipokuwa na nafasi na ndipo Bibi alipokubali.

Kufikia katikati ya Machi magunia yote manane yalikuwa yamekufa.

Siku tunayamwaga nilikaa nayo moja moja, kama fundi anayefungua injini iliyokwama. Tatizo la kwanza lilionekana gunia lilipochanwa tu: juu udongo ulikuwa tope, chini mkavu kama vumbi la barabarani. Gunia lililojazwa udongo mtupu halipitishi maji mpaka kitako. Yanatuama juu, yanatafuta tundu la karibu, yanamwagikia pembeni. Miche ya matundu ya chini haikuwahi kuonja maji. Dawa yake inajulikana, na ndiyo niliyopaswa kumweleza siku ile badala ya kuhesabu chenji. Unachukua kopo kubwa la rangi lililokatwa kitako, unalisimamisha katikati ya gunia, unalijaza kokoto, unajaza udongo kulizunguka, kisha unalivuta juu kidogo na kurudia hivyo hivyo mpaka gunia lijae. Kopo linatoka, inabaki nguzo ya kokoto kuanzia chini hadi juu. Maji yanayomwagwa hapo yanashuka yakigawia kila tabaka.

Samadi nayo. Aliichukua kwa jirani anayefuga kuku wa nyama, siku banda linasafishwa, ikiwa bado inanuka hadi machozi yanatoka. Samadi ya kuku ni kali. Isipokaa wiki kadhaa ikapoa, inachoma mizizi. Majani ya sukuma yalianza kukauka kingo, yeye akadhani ni kiu, akaongeza maji.

Nyanya zilikwenda na kantangaze. Kwa msomaji ambaye hajawahi kulima nyanya huku kaskazini: ni kiwavi cha nondo mdogo aliyetoka Amerika ya Kusini, tuliyeanza kumjua mwaka 2014 hivi, na jina hilo wakulima walimpa wenyewe kwa jinsi anavyomtangaza mtu umaskini wake. Kiwavi anakaa ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, kwa hiyo sehemu kubwa ya dawa unayopulizia inaishia nje. Watu wenye ekari na wasaidizi wanahangaika naye. Kumwuzia mbegu ya nyanya mama anayeondoka nyumbani saa moja asubuhi ilikuwa biashara tu. Karoti sizungumzii sana: karoti haipendi kuhamishwa, ukiipandikiza kwenye tundu la gunia inaota miguu mitatu.

Lakini hata kama nguzo ya kokoto ingekuwepo, samadi ingekuwa imepoa na nyanya zingeachwa dukani, bado naamini magunia yale yangekufa. Nilihesabu hatua kutoka bombani hadi nyuma ya choo: 34. Gunia moja kubwa lenye miche 30 na kitu, kwa jua la Januari na Februari la Moshi, linataka kama lita 10 kwa siku. Magunia manane ni lita 80, yaani ndoo nne kubwa. Ndoo nne kichwani, kwenda na kurudi, baada ya siku nzima kwenye cherehani, gizani, kwenye njia ambayo nusu yake ni tope la bafuni. Na hapo bado hujaijua foleni. Jioni vyumba vyote vinateka maji: ya kupikia, ya kuoga watoto, ya kuweka akiba kwenye madumu kwa kuwa kesho yanaweza yasitoke. Mtu anayechukua ndoo nne za bustani wakati mwenzake anasubiri ndoo moja ya ugali hasemwi vizuri.

Kisha ikaja bili. Ndoo nne kwa siku ni lita 2,400 kwa mwezi, uniti mbili na nusu hivi, na bili yetu inagawanywa sawa kwa kila chumba. Mwezi wa pili baba wa chumba cha sita akauliza pale uani, kwa sauti ya kusikika na wote, kwa nini yeye alipie kumwagilia shamba la mtu. Akaongeza kwamba kwanza kulima mjini ni marufuku kisheria.

Hilo la sheria nitalimaliza haraka. Kanuni za kilimo cha mijini zilizotolewa mwaka 1992 hazikukataza kulima. Ziliweka kikomo, mtu asizidi ekari 3, na ng'ombe wasizidi 4 tena wa kufungiwa ndani. Magunia manane hayafiki hata kivuli cha ekari. Mwaka 1974, kwenye Kilimo cha Kufa na Kupona, serikali yenyewe iliwahimiza watu wa mijini wapande chakula popote penye udongo, na Bibi anaikumbuka mihindi iliyokuwa inasimama kando ya barabara za mji huu. Lakini kwenye hoja ya bili baba wa chumba cha sita alikuwa na haki kabisa, na wote tulilijua hilo. Ndiyo maana hakuna aliyemjibu.

Jambo la mwisho ni dogo ila ninaliona zito. Watoto wa nyumba walishaipa jina: mboga ya chooni. Hata zile sukuma chache zilizofikia kuchumwa, dada alipompelekea jirani sahani, sahani ilirudi na shukrani na mboga yake ikiwa kamili. Bustani ambayo majirani wanaionea kinyaa haina mlinzi. Mtoto akivunja miche kwa mpira, hakuna mtu mzima atakayemkemea.

Tukiwa tunamwaga udongo ule, Bibi akatoka na kigoda chake akakaa kutuangalia. Baada ya muda akamwuliza dada, "Mwanangu, kwenu Rombo ng'ombe mnamfunga wapi?"

"Zizini, Bibi. Nyuma ya jiko."

"Na mahindi mnalima wapi?"

"Chini huko, tambarare."

"Haya." Akanyanyua kigoda akaingia ndani.

Nilicheka wakati ule. Baadaye usiku nikalifikiria nikaona bibi huyu, ambaye hajawahi kuhudhuria semina yoyote ya wataalamu wanaokuja dukani kwetu na vipeperushi, amesema kitu ambacho vipeperushi havisemi.

Kihamba cha Mchaga, yaani shamba linaloizunguka nyumba, watu wengi wanakisifu kwa migomba na kahawa zake, au kwa jinsi mimea ilivyopandwa ghorofa kwa ghorofa: miti juu, migomba katikati, kahawa chini yake, magimbi na mboga ardhini. Yote ni kweli. Lakini angalia vitu vimekaa wapi. Vihamba vingi havifiki hekta moja, na bado ndani yake kuna mpangilio wa ukaribu. Ng'ombe au mbuzi yuko bandani hatua chache kutoka mlangoni, na zamani alilala ndani ya nyumba ile ile na watu. Nyasi anabebewa, samadi inatolewa, inaishia kwenye migomba ya karibu. Maganda ya ndizi yanatoka jikoni yanaingia kwa mbuzi. Nenda kihamba chochote Kibosho au Marangu uangalie migomba iliyonona kuliko yote. Utaikuta inagusana na nyumba. Mahindi na maharage, mazao yanayovumilia kuachwa wiki mbili bila kuonwa, ndiyo yaliyopelekwa shamba la chini. Kwa maneno mengine, kila mmea umewekwa kwa kadiri unavyohitaji mkono wa mtu. Kinachoguswa kila siku kinakaa pale ambapo mtu anapita kila siku hata kama hana haja nacho.

Sukuma wiki kwenye gunia, katika Februari ya Moshi, inahitaji mkono kila siku. Dada akawa ameipeleka tambarare.

Nikamwambia hivyo kesho yake. Akasema, "Sasa mimi kihamba ninatoa wapi? Nina chumba." Swali zuri. Tukakaa kwenye ngazi tukaanza kuhesabu ni wapi yeye anapita kila siku bila kukosa. Mlangoni kwake, bombani, karoni, chooni. Mlangoni kwake hakuna nafasi, koridoo ni ya wote. Aliwahi kufikiria nje barabarani, mbele ya nyumba, lakini Bibi alikataa kabla sentensi haijaisha: Moshi ni mji wa usafi, na yeye hataki wageni wa kuuliza maswali. Ikabaki karo.

Na pale karoni ndipo tulipokiona kitu kilichokuwa mbele ya macho miaka yote. Jumapili moja tuliweka beseni kubwa chini ya karo, tukawaomba watu wamwagie humo maji ya kuoshea mboga, ya kuoshea mchele na ya suuza la mwisho la vyombo, badala ya kuyaachia mfereji. Nilikuwa nayapima kwa ndoo. Kila chumba kilitoa lita 10 hivi, Bibi chini kidogo. Jumla ikakaribia lita 70 kwa siku moja. Yaani wakati dada anabeba ndoo nne gizani na kugombana kuhusu bili, nyumba hiyo hiyo ilikuwa inamwaga zaidi ya ndoo tatu mferejini, maji yaliyokwisha kulipiwa, yaliyokwisha kubebwa, yakiwa yamesimama hatua mbili kutoka mahali ambapo gunia lingeweza kukaa.

Hapa naomba niseme kama muuza duka: si kila maji ya karoni yanafaa. Povu la kwanza la sabuni ya unga halifai, maana lina chumvichumvi inayoufanya udongo ugande juu kama kaukau, na baada ya miezi michache majani yanakuwa njano bila sababu inayoonekana. Maji ya kufulia tuliyaacha yote. Maji yenye mafuta ya nyama pia, yanaita sisimizi na harufu. Ya suuza, ya mboga na ya mchele ni salama, ila yanamwagwa kwenye kokoto katikati, si juu ya majani. Na mara moja kwa wiki gunia linapewa maji safi ya kutosha, yapenye mpaka chini, yasafishe chumvi iliyobaki. Wakati wa masika mvua inafanya kazi hiyo yenyewe.

Mwanzo wa pili ulikuwa mwishoni mwa Mei, mvua kubwa zikiwa zimepungua. Magunia matatu tu. Nilimshauri mawili, akasema mawili ni dalili ya woga. Mchanganyiko ulikuwa madebe mawili ya udongo, debe moja la samadi ya mbuzi iliyokaa miezi mitatu, na nusu debe la pumba za mpunga ili udongo usishikamane. Pumba huku kwetu si tatizo; mpunga wa Mabogini na Chekereni unakobolewa jirani na mashine zinashukuru ukiziondolea. Chini ya kila gunia tuliweka matofali ili maji yapate pa kutokea. Nguzo ya kokoto safari hii niliisimamia mwenyewe.

Kilichopandwa kilichaguliwa kwa swali moja: je, kinachumwa na kuota tena? Sukuma wiki ubavuni, kwa sababu unachuma majani ya chini na kuuacha moyo na majani manne au matano ya juu, nayo inaendelea kwa miezi. Mnavu juu, maana hakuna Mchaga anayekaa wiki bila mnavu, na ukikatwa unachipua. Mchicha kwenye ndoo mbili za rangi zilizotobolewa, huo unakuwa tayari ndani ya wiki nne hivi na kumpa mtu moyo wakati sukuma bado inajivuta. Matembele tulichomeka tu kwenye kipande cha udongo kando ya ukuta, vipande vya shina alivyopewa na mama wa genge, na mpaka leo hakuna anayejua nani anayatunza. Nyanya hakuna. Alinililia nyanya wiki nzima, nikakataa kumuuzia. Bosi wangu asisome hapa.

Wiki ya tatu kuku wa Bibi waliingia asubuhi, wakaimaliza miche ya gunia zima na nusu ya la pili.

Kumwambia mwenye nyumba kwamba kuku wake wamekosa ni kazi. Wewe ni mpangaji, yeye ni mzee, na kuku walikuwepo kabla yako. Dada hakusema neno. Alipanda tena, akafunga magunia kwa chandarua kilichochakaa, akaenda kazini. Siku ya pili asubuhi tulikuta jani la sale limechomekwa kwenye gunia la katikati. Asiyejua atadhani ni mapambo. Sale ndiyo mmea unaopandwa mpakani mwa vihamba, na jani lake ndilo linalobebwa na anayekwenda kuomba radhi. Ukilipokea shauri limekwisha. Bibi hakusema kitu, dada hakusema kitu, na kuanzia siku hiyo kuku wakawa wanafungiwa mpaka watoto waende shule. Nimeona vikao vya masaa matatu ambavyo havikufikia hapo.

Lililobaki lilikuwa gumu zaidi ya udongo: magunia ya nani? Maji ni ya wote, sehemu ya karo ni ya wote, jasho na mbegu ni vya dada. Mwezi wa kwanza alikuwa akimwagilia peke yake kwa beseni la wote, halafu anachuma peke yake, na niliona macho ya watu. Mama wa chumba cha nne akaanza kumwaga maji yake mferejini makusudi.

Ni Bibi tena aliyeleta habari ya mfongo. Mifongo, ile mifereji ambayo Wachaga waliichimba kutoka kwenye vijito vya mlimani kuleta maji vihambani, ilikuwa na utaratibu wake: kila kundi lina zamu yake ya maji, na asiyefika siku ya kusafisha mfereji anatozwa au anakosa zamu.  Waliuliza nani amekuja na jembe. Tukakaa kikao uani Jumapili jioni, dakika 20, tukagawana siku. Vyumba sita na Bibi, siku saba, ikaenea vizuri kama vile nyumba ilijengwa kwa hesabu hiyo. Kanuni ikawa moja: aliyemwagilia leo ndiye anayechuma leo, kiasi cha mboga ya chungu kimoja. Dada, kwa kuwa mtaji ni wake, ana siku yake pamoja na ndoo zote za mchicha.

Sitasema kwamba aliipenda kanuni hiyo. Alinung'unika, na alikuwa na hoja: yeye ndiye aliyechoma Januari na Februari yake kwenye magunia ya kwanza. Lakini aliikubali, na nadhani alikuwa amefanya hesabu ambayo mimi sikuifanya: gunia lililo lake peke yake linahitaji siku saba za nguvu yake, gunia la zamu linahitaji siku moja.

Mtihani wa kweli ulikuja Desemba. Kila anayeijua Moshi anajua nyumba za wapangaji zinavyokuwa Krismasi: Wachaga wote wamepanda mlimani, kuanzia tarehe 20 hivi mpaka mwaka mpya upite, na hapo ndipo joto linaanza. Magunia ya watu wengi mjini hufia wiki hizo mbili. Kwetu alibaki kijana wa bodaboda wa chumba cha tano, mtu wa Lushoto, Mwislamu, ambaye Desemba kwake ni msimu wa abiria. Dada alitaka kumlipa amwagilie. Akakataa hela. Akasema atashika zamu zote na atachuma zote.

Aliporudi Januari dada alikuta sukuma zimesimama vizuri na mnavu umenyolewa hadi usawa wa udongo. Ikabainika kijana alikuwa anapeleka mboga kwa mama ntilie wa kijiweni kwao na kula chakula cha mchana bure wiki mbili nzima. Dada alihamaki. Mimi nilimtetea kijana na bado namtetea: alimwagilia siku 14, akachuma siku 14, na alichofanya na mboga yake ni juu yake. Mnavu ulichipua wenyewe kabla ya mwisho wa mwezi.

Sasa hesabu, kwa wale wanaosubiri hesabu. Dada alikuwa akiandika nyuma ya daftari lake la vipimo vya nguo, kati ya kifua cha mtu na kiuno cha mwingine. Mwanzo wa pili ulimgharimu 14,500: magunia, samadi, mbegu, na usafiri wa pumba kwa toroli. Kokoto na ndoo zilikuwa za bure. Kwa siku yake moja, ndoo za mchicha na matembele yasiyo na mwenyewe, alikuwa anapata mboga ya siku tatu kwa wiki, mara nyingine nne. Kwa bei ya genge ni kama 7,000 kwa mwezi. Kwa hiyo gharama zilirudi mwezi wa tano, miezi miwili ya kwanza ikiwa ya kusubiri.

Elfu saba haijengi nyumba. Nawasikia watu wakija dukani wameona video ya familia inayojitegemea kwa chakula kwa magunia kumi barazani, wananunua mbegu za elfu 40 kwa siku moja. Unga wa ugali hautoki kwenye gunia. Mchele, maharage, mafuta, vyote vinabaki sokoni. Gunia linatoa mboga ya majani na viungo kidogo, basi. Faida ambayo daftari halikuionyesha ni nyingine: ile saa moja ya usiku anaposhuka kwenye daladala amechoka, genge limefunga au mboga iliyobaki imenyauka, na zamani watoto walikula ugali na maziwa ya mgando au chumvi. Siku hizo zimekwisha. Hilo alinieleza mwenyewe, nami sikuwa nimelifikiria, maana sina watoto.

Wadudu tuliwaona. Julai na Agosti, baridi ikiwa kavu, vidukari walijaa chini ya majani ya sukuma. Ninauza dawa zao, na sikumuuzia. Kwenye mboga inayochumwa kila siku na mtu tofauti hakuna atakayehesabu siku za kusubiri baada ya kupulizia. Mwenye zamu alikuwa anawasugua kwa vidole na kuwamwagia maji ya sabuni ya kipande kidogo, jani lililozidiwa linang'olewa linakwenda kwa kuku. Wakipungua wanapungua, wasipopungua tunakula mchicha.

Mwaka huu mambo yamebadilika kidogo. Salfeti zilizopigwa jua karibu miaka miwili zimeanza kuchanika ukizigusa, na gunia lililojaa halihamishiki, ni zito kuliko gunia la mahindi. Dada amehamia Majengo mwezi wa nne, chumba chenye bomba ndani na kibaraza cha upana wa mkeka. Hakuweza kuchukua magunia. Alichukua ndoo zake mbili, akanunua nyingine mbili, na zimekaa chini ya dirisha la jiko ambapo anamwagia maji ya mchele bila kutoka nje. Magunia aliyaacha, na chumba chake kikachukuliwa na mwalimu kijana ambaye alikabidhiwa ufunguo, mita ya luku, na siku ya Alhamisi.

Zamu yangu ni Jumanne. Wiki iliyopita nilichelewa kufunga duka, nikalala bila kumwagilia. Jumatano alfajiri nikatoka na beseni kujisahihisha kabla watu hawajaamka. Kokoto zilikuwa zimelowa tayari, na majani yote ya chini ya sukuma yalikuwa yamechumwa.